Sindano ya Tegwen Hukaa Kushoto

Beti Pritchard alipanga vipande juu ya meza, katika chumba cha nyuma ya kanisa tunamoshonea kila Alhamisi, akarudi hatua moja na kushika kiuno.

"Havikutani," akasema. "Tazameni wenyewe."

Tukatazama. Vilikuwa vipande vya mfarishi wa viraka, vyekundu na vya samawati, kwa ajili ya harusi ya Lleucu, mjukuu wa Tegwen. Nusu alishona Tegwen mwenyewe kabla kiharusi hakijamwangusha jikoni kwake. Nusu nyingine nimeshona mimi, maana ndimi jirani yake na ndimi niliyejitia kimbelembele. Vyake vilikuwa vidogo kuliko vyangu, kila kimoja, kwa unene wa punje ya shayiri. Ni kitu kidogo, lakini ukishaunganisha safu nzima, punje hizo zinakuwa upana wa kidole gumba.

"Macho yalishamwisha, masikini," Beti akasema. "Tufumue vyake, nawe Marged uvishone upya kwa cherehani yako ya umeme. Harusi ni Jumamosi ijayo, hatuna muda wa kubembelezana."

"Kafumue vyako!" nikamwambia. Hasira ilinipanda mpaka chai ikanipalia. Mkono wa kulia wa Tegwen umekufa, daktari alishasema hautarudi. Mishono ile ndiyo ya mwisho aliyoishona, na huyu anataka kuing'oa kama magugu! Lakini kuhusu macho nilimwamini Beti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwetu mshono wa mtu haufumuliwi mpaka aulizwe uso kwa uso. Hata mama yake Beti aliulizwa akiwa kitandani anakata roho, naye akakataa. Basi nikatia vipande kwenye mfuko, nikatoka kwenye mvua hadi kwa Tegwen.

Nilimkuta kitini karibu na dirisha. "Shoga, nimekuja na jambo la aibu," nikasema, nikamweleza yote, nikamwekea mapajani kipande chake na changu. Akavipapasa kwa mkono wa kushoto. Kisha akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umeshona... kwako."

"Sasa ningeshonea wapi, kwa waziri mkuu?"

Akanyoosha kidole pembeni, kwenye cherehani ya mkono aliyoachiwa na mama yake. "Pale. Shona."

Nikakaa. Nikatunga uzi, nikalaza ukingo wa kitambaa sawa na ukingo wa mguu wa cherehani, kile kibati kinachobana kitambaa chini ya sindano, kama tulivyofundishwa sote. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika rula kwa jambo hilo. Nikazungusha mpini, na ndipo nikaona. Sindano haikushuka katikati ya mguu. Ilishuka kushoto kidogo, kwa kuwa ndivyo cherehani ile ilivyoundwa. Kwa hiyo mshono ulimeza kitambaa kingi zaidi, na kipande kikatoka kidogo kuliko vyangu. Nilipokiweka juu ya chake, vililingana kona kwa kona.

"Mama wee! Macho yako mazima kabisa!"

"Beti... kasema?"

"Beti kasema."

"Kunguru... yule."

Basi vya kufumuliwa vilikuwa vyangu, nami nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Nilifumua cha kwanza palepale. Tatizo ni kwamba, ukiacha kile kimoja cha bahati, cherehani ya mkono sijaigusa tangu utotoni. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa peke yake, na wangu wa kushoto ni gogo. Mshono ukaenda upogo. Nikafumua, ukaenda upogo tena. Nikaiona Jumamosi inakuja, na Beti na mkasi wake. Nikatukana kwa sauti, tena mbele ya picha ya marehemu mume wa Tegwen, mhubiri.

Tegwen akaanza kuvuta kiti chake. Nilitaka kumsaidia, akanikodolea jicho. Alivuta, akapumzika, akavuta, mpaka bega lake likagusa langu la kushoto. Akauondoa mkono wangu kama mtu anayeondoa paka mezani, akaweka wake juu ya kitambaa.

"Zungusha," akasema.

Nikazungusha. Vidole vyake vikaambaa na ukingo, na mshono ukanyooka. Tangu augue sote tuliulizia mkono wa kulia tu, tukaulilia, tukauombea kanisani. Huu mwingine hakuna aliyeuulizia habari, umekaa tu mapajani unasubiri. Machozi yakanitoka, na mkono wangu ukazidi kwenda mbio bila mimi kujua.

"Marged."

"Abee, shoga."

"Unanikimbiza."

Nikapunguza mwendo.