Friji Iliyolalamika

Mdogo wangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na aliufanyia utani. Akija kwangu alikuwa akisema nisihangaike na sukari ya chai, atakoroga kwa kidole. Kila asubuhi alijidunga dawa aliyopewa hospitali. Dawa ile sharti ikae kwenye baridi. Ikipata joto haibadiliki rangi wala harufu, inakufa kimya kimya, na mtu anajidunga maji.

Friji ya dawa ilikuwa stoo, nyuma ya hospitali. Binti yangu, tunayemwita Kitufe, fundi wa kompyuta wa pale, ndiye aliyeandika programu mbili za kuiangalia. Ya kwanza iliuliza kipima joto kilichokuwa ndani ya friji, ikatoa namba. Namba zikapita kama maji kwenye bomba, zikaingia programu ya pili, nayo ikachora mstari kwenye skrini, pale dirisha la dawa. Baadaye alinieleza kwamba programu hupewa midomo miwili, mmoja wa kutoa jibu na mwingine wa kulalamika, ili malalamiko yasizame ndani ya majibu, yamfikie mtu. Yeye, alipokuwa akijaribu kazi yake, alitaka kuona kila kitu mahali pamoja, akapitisha yote mdomo mmoja. Ikafanya kazi. Mkuu wake akataka skrini iwake kabla wageni hawajafika, basi ikaachwa hivyo hivyo.

Mdogo wangu akaanza kukonda. Kiu haikatiki, macho yana ukungu, kidonda cha kidole gumba cha mguu kimekataa kufunga. Muuguzi akamwambia anakula vitamu kwa kujificha. Alikana, akasema dawa ndiyo haina nguvu. Muuguzi akamwonyesha skrini: nyuzijoto nne, mstari umenyooka kama kamba ya mwashi. Mdogo wangu akaja nyumbani kwangu kumweleza Kitufe, naye alikuwa mchovu, kikombe mkononi, hakuinua hata macho.

"Mama mdogo, friji haidanganyi. Wewe punguza soda."

Mdogo wangu akacheka kidogo. Akavaa kiatu kimoja, cha pili akakibeba mkononi kwa ajili ya kile kidonda, akaenda zake. Hakulalamika tena.

Nilimkuta mimi, ameanguka bafuni, maji ya bomba yanamwagika. Hospitali wakamkata mguu chini ya goti. Kitufe akawa anashinda naye, na katika kwenda na kurudi kwa mambo ya dawa ndipo alipouona ule mstari vizuri. Friji inafunguliwa mchana kutwa, mstari ulipaswa kupanda na kushuka. Huu haukutikisika. Akaenda stoo, akaingiza mkono ndani ya friji. Vuguvugu, kama kabati la nguo. Mtunza stoo alisema hata yeye aliwahi kuhisi vichupa si baridi, akatazama skrini, akadhani ni mkono wake.

Panya walikuwa wametafuna nyaya, za mota na za kipima joto. Programu ya kwanza ilikuwa ikisema kila mara kwamba kipima joto hakijibu. Maneno hayo yakapita bomba lile lile la namba. Ya pili, isiyojua ila namba, ikayapepeta kama makapi, ikarudia namba ya mwisho. Nne. Nne. Nne.

Kitufe alimwambia mkuu wake, dawa zikamwagwa, wagonjwa wengine wakaitwa. Kisha akaja kitandani, akasema yote akiwa amesimama. Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe friji nayo ilikuwa inasema."

"Ilisema, mama mdogo. Mimi ndiye niliyeielekeza pasipo na mtu."

"Basi tulikuwa wawili," akasema, akageukia ukutani.

Dawa mpya ilimkuta damu imeshaharibika. Hakumaliza wiki.

Kitufe aliitengeneza ile programu. Namba zikabaki na njia yake, malalamiko yakapewa mdomo wake, yakaunganishwa na kengele mezani kwa wauguzi. Siku tuliyokwenda kuuchukua mwili, kengele ililia. Muuguzi yule yule aliacha chai yake, akaelekea stoo karibu mbio. Mlango wa friji haukuwa umefungwa vizuri, akausukuma. Kitufe alisimama kwenye korido, ameshika mfuko wenye vitu vya mama yake mdogo na kiatu kimoja juu yake, mpaka kengele ikanyamaza.