Gauni la Siku ya Kurudi

Fundi yule alishona majoho ya mawakili, na mtaa mzima ulimwita Baba Kidoti. Jina alilipata siku binti yake alipozaliwa na alama ndogo nyeusi juu ya mdomo, likamganda. Likabaki limemganda hata baada ya Kidoti mwenyewe kutoonekana tena mtaani. Wateja walisukuma mlango wakiita, "Baba Kidoti, joho langu tayari?" naye akaitika "Naam" kwa uso mkunjufu, na kila mara kitu kikamchoma kifuani. Watu hawakuwa na ubaya. Walikuwa wamezoea tu.

Kidoti alipokuwa na miaka minne, mama yake alimchukua kwenda kuwasalimia wajomba nchi ya jirani, likizo ya wiki mbili. Likizo ile haijaisha mpaka leo. Ndoa ilikuwa imeshachakaa, hilo fundi hakulikataa; waligombana mpaka majirani wakajua zamu ya nani kununa. Lakini mtoto hakugombana na mtu. Fundi akaenda mahakamani, akashinda, akapewa hukumu yenye mhuri na sahihi ya jaji ambaye joho lake alilishona kwa mkono wake. Akavuka nayo mpaka. Karani wa mahakama ya kule akaisoma kwa adabu zote, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee," akasema. "Nchi zetu hazina mkataba wa mambo haya. Hii kwetu ni karatasi."

Haki inayofika kwenye kizuizi cha mpaka ikageuza, ni haki ya namna gani? Uliza mpaka uchoke. Fundi alipanda basi akarudi nyumbani, na kesho yake akakata kitambaa.

Kilikuwa kitambaa cha pamba, buluu, na kola nyeupe. Fundi yeyote anajua kwamba nguo ya mtoto haishonwi kwa kipimo cha leo. Unaacha pindo nene chini na akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, ili mtoto akikua, nguo ikue naye. Akalishona, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango wa karakana ndani ya mfuko wa nailoni. Lilikuwa gauni la siku ya kurudi. Mama Kidoti hakuwa mtu katili. Alimwachia mtoto apige simu Jumapili, na mara mojamoja alituma picha. Picha ikifika, fundi aliitazama, akaangalia bega la mtoto limefika wapi kwenye mgongo wa kiti, kisha akafumua pindo kidogo na kulishona upya.

Dada yake, aliyeishi naye na kumpikia, alikuwa na ulimi usiolala. "Mdogo wangu unampima mtoto kwa simu," alisema. "Siku moja utanituma nimlishe kwa redio."

Alikuwa akisema hivyo, halafu anakwenda jikoni kufuta macho.

Ndipo akaja wakili mmoja, mwanamke mfupi aliyetaka joho la kumfika magotini, maana yote aliyonunua yalikuwa yakifagia sakafu ya mahakama. Wenzake walimwita Mama Pacha. Aliona gauni nyuma ya mlango, akauliza, akaambiwa. Wakili yule akakaa juu ya kigoda na kumweleza kwamba upo mkataba wa mataifa wa kuwarudisha watoto waliovushwa mpaka na mzazi mmoja, kwamba nchi nyingi zimeshauridhia, na kwamba nchi hizi mbili hazijauridhia kwa sababu hakuna aliyewasumbua wakubwa.

"Basi tuwasumbue," fundi akasema.

Wakawasumbua. Walikusanyika wazazi wa aina yake, wengi kuliko alivyodhani, wakamfanya yeye mwenyekiti kwa kuwa hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Miaka ikapita kwenye benchi za wizara. Waziri huyu alitoka, yule akaingia na kutaka kuelezwa upya tangu mwanzo. Mswada ulipotea kwenye ofisi moja, ukaonekana kwenye nyingine. Fundi alijifunza kwenda na kazi ya mkono. Alipinda majoho kwenye korido huku akingoja, na makatibu muhtasi wakaanza kumletea vifungo vya kushikiza. Hotuba nyingi hakuzielewa, nyingine zilimlaza usingizi. Alichoelewa ni kimoja, na hicho ndicho alichomwambia Kidoti kila Jumapili.

"Sheria ikipita, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Sheria ni nini, baba?"

"Ni ruhusa inayotolewa na watu wengi kwa pamoja."

Mtoto akakua na neno lile. Alipofika miaka tisa alikuwa akiuliza, "Sheria yetu imefika wapi?" kama anayemuulizia ndugu aliye njiani. Fundi akamjibu ipo wizarani, ipo kwa mwanasheria mkuu, ipo kwenye kamati. Aliahidi, na kila alipoahidi alijiamini. Hilo ndilo baya lake, kama ni baya.

Siku ya kikao cha mwisho cha kamati ya bunge, Mama Pacha alimtoa nje kabla hajaitwa. Korido ilinuka rangi mpya. Wakili alikuwa amevaa lile joho lake fupi, na hakukaa.

"Baba Kidoti, wajumbe wa nchi ya jirani wamekubali tuuridhie kwa pamoja," alisema. "Lakini wana sharti, na wabunge wetu wamelipenda. Mkataba utawahusu watoto watakaovushwa tangu siku utakapoanza kutumika. Hautarudi nyuma."

Fundi alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa polepole.

"Kwa hiyo Kidoti hayumo."

"Hayumo. Wanasema kesi za zamani ni nyingi mno, zitazifunika mahakama. Tena wanasema mtoto aliyekaa miaka yote hiyo ameshaota mizizi kule."

"Wamemuuliza?"

Wakili alisema kwamba kamati inataka kusikia kutoka kwa wazazi wenyewe kama wanaafiki. Wakikataa, mswada unarudi wizarani. Bunge linavunjwa mwezi ujao kwa ajili ya uchaguzi, na baada ya uchaguzi kila kitu kinaanza upya. "Mimi sikushauri," akaongeza. "Wallahi, hili sikushauri."

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama waliyemwita Nesi kwa kazi yake ya hospitali, mdogo kuliko wazazi wote wa chama, na mtoto wa kike wa miezi michache magotini. Wake alikuwa bado hajavushwa popote. Lakini mumewe, raia wa nchi ileile ya jirani, alikuwa ameshahama nyumba, na juzi alikwenda kumwombea mtoto pasipoti bila kumwambia mama yake. Nesi alikuwa akienda kazini na mtoto mgongoni kwa hofu. Fundi alipopita mbele yake, mtoto akaudaka mkanda wa kupimia uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, akautia mdomoni. Fundi akasimama kumngoja amalize. Nesi hakumwomba kitu. Alimtazama tu, na alikuwa amesikia yote.

Ndani, mwenyekiti wa kamati alimkaribisha kwa heshima. "Mzee wetu, umetufundisha subira. Sasa tuambie: wazazi mnakiafiki kifungu kama kilivyo?"

"Mheshimiwa, mimi ni fundi," akasema. "Nguo ya mtoto huwa tunaiachia pindo. Sheria hii haina pindo hata kidogo. Hamwezi kutuachia japo kidogo, kwa waliokwisha kuondoka?"

Wabunge kadhaa walitabasamu, na tabasamu zao zilikuwa za huruma, jambo linaloumiza zaidi ya kejeli. Mwenyekiti akasema anasikitika, kitambaa chenyewe ndicho hicho.

Fundi alimfikiria Kidoti, bila shaka; alimwona amesimama kando ya kiti. Kisha akahisi shingoni ile sehemu ya mkanda iliyolowa mate ya mtoto wa watu.

"Tunaafiki," akasema.

Walipiga makofi. Yeye alitoka, akapinda joho alilokuja nalo mpaka likaisha.

Dada yake alipoambiwa, aliacha chakula jikoni kikaungua. "Kinyozi hajinyoi, nilijua," alisema. "Lakini kinyozi wako kajikata shingo. Na mtoto utamwambia nini?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Jumapili ya kwanza alisema mtandao mbaya. Jumapili nyingine aliuliza habari za shule mpaka muda wa simu ukaisha. Sheria ilipita, hati zikabadilishwa kati ya mabalozi, siku ya kuanza kutumika ikafika, naye bado alikuwa akitafuta maneno. Yapo maneno ambayo mtu hayapati kwa sababu hayataki.

Yule mume wa Nesi akafanya alichoogopewa kufanya. Alimchukua mtoto kwa matembezi ya jioni, wakalala ng'ambo. Nesi alifika karakana akiwa na kiatu kimoja. Mama Pacha akapeleka maombi, mahakama ya kule ikayapokea, na safari hii hakuna karani aliyesema karatasi. Kabla mwezi haujaisha mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake kwenye kituo cha mpaka, mbele ya kamera. Fundi alialikwa, akaenda, akasimama nyuma. Nesi alipomwona alimwendea na kumpigia magoti palepale kwenye vumbi; fundi akamwinua upesi. Alifurahi. Lazima lisemwe: alifurahi kwa moyo mweupe, na aliporudi nyumbani alilia mpaka dada yake akazima redio.

Jumapili, Kidoti alipiga mapema. Alikuwa na miaka kumi na mmoja sasa, sauti imeanza kukomaa.

"Baba, nimewaona kwenye taarifa ya habari. Yule mtoto amerudishwa. Wewe ulikuwa nyuma, umevaa shati jeupe."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo sheria yetu imepita. Nimeshafunga begi. Mama anajua, hajasema kitu. Unakuja lini?"

Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani. Aliweka mguu kwenye pedali kana kwamba kazi ingemsaidia.

"Kidoti, nisikilize. Sheria imepita, lakini ni ya watoto watakaochukuliwa baada yake. Wewe ulichukuliwa kabla. Wewe haikuhusu."

"Nani kasema?"

Angeweza kusema wabunge. Angeweza kusema mataifa, wajumbe, mabalozi, na yote yangekuwa kweli.

"Waliniuliza mimi, nikakubali. Ningekataa, yule mtoto asingerudi, na wewe pia usingerudi. Lakini aliyesema ndiyo ni mimi, mwanangu. Nisamehe."

Fundi alisikia mlango ukifungwa kule ng'ambo, na maji ya bomba, na pumzi ya mtoto.

"Lile gauni bado lipo?" Kidoti akauliza.

"Lipo. Lipo nyuma ya mlango."

"Lina pindo bado?"

Fundi alilitazama. Pindo lilikuwa limekwisha tangu mwaka juzi, na mishono ya ubavuni ilikuwa imefumuliwa mpaka ukingo wa kitambaa. "Limekwisha," akasema.

"Basi mpe yule mtoto."

"Litamvaa, mwanangu. Bado mdogo mno."

"Atakua," Kidoti akasema, akakata simu.

Dada yake alimkuta pale jioni, gauni limelala juu ya cherehani. Fundi alikuwa akilikunja pindo upya, kwa mkono, nene kama lilivyokuwa mwanzo.