Safu Mbili za Mwalimu Odegaard

Mwalimu Marlys Odegaard alijiona mizani yenyewe ya haki. Mji wao mdogo wa Minnesota ulikuwa ukigombana kuhusu ile nadharia inayosema ubaguzi wa rangi umejengeka ndani ya sheria, naye akawapa wanafunzi karatasi yenye safu mbili: waungaji mkono kushoto, wapinzani kulia. Haki tupu! Hata mkuu wa shule alimsifu, naye akavimba kichwa.

Jioni ya wazazi, Dwight Kessel, fundi wa matrekta, aliiweka karatasi hiyo mezani kwa Marlys.

"Mwalimu, haya ya kulia kasema nani?"

*Mnawalisha watoto wetu sumu, washenzi nyie!*  Marlys aliyanakili maneno hayo kwenye kikao cha bodi ya shule, ambako kila mzazi hupewa dakika tatu za kusema.

"Ni wewe, Bwana Kessel."

"Sikatai. Walinikatiza nikisema, hasira zikanipanda, na nilijuta. Kabla ya hapo nilisema nini?"

Alikumbuka, na hapo ndipo penye aibu. Mtu huyu alisema fundisheni utumwa, fundisheni watu walivyonyimwa nyumba kwa rangi yao, ila msimhukumu mtoto kwa ngozi yake. Marlys aliyaandika, kisha akayafuta, kwa kuwa yalikuwa na maana, naye hakutaka safu ya kulia ionekane na maana. Kushoto akamweka profesa mmoja aliyeiunga mkono nadharia, aya nzima iliyonyooka kama shati la pasi. Mwamuzi gani huyo!

"Profesa umempa aya nzima," Dwight alisema. "Mimi umenipa sekunde nne."

"Nisamehe. Kesho nitaliambia darasa zima nilichofanya."

"Sawa. Lakini na hii je?"

Akatoa insha ya binti yake, Brenna. *Watu wa safu ya kulia ni wajinga, hawajui kuongea bila kutukana.* Pembeni, kwa wino mwekundu wa Marlys mwenyewe: *A. Uchambuzi safi sana!*

"Anajua ni maneno yangu, mwalimu. Siku ya kikao alikaa ubavuni mwangu. Nimemuuliza, mwanangu, kweli ndivyo unavyoniona? Akaniambia, 'Hapana, Baba. Ila mwalimu ndivyo anavyotaka.'"

Marlys alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliinua macho, akamwona Brenna mlangoni akimsubiri baba yake. Msichana alipogundua anatazamwa na mwalimu, alijiweka sawa haraka, akatabasamu kwa adabu.