Bunduki ya Mahari

Siku walipokuja kumposa Hasina, viatu vilijaa mlangoni mwa nyumba ya babake pale Stafford, pembeni mwa Houston, mpaka wengine wakaviacha kwenye nyasi. Wageni walikuwa wametoka DeSoto, kule upande wa Dallas, alfajiri kwa magari matatu, wamebeba halwa, mikate ya sinia na birika kubwa la kahawa, utadhani Houston nzima haina kahawa. Wanaume walikaa sebuleni na Mzee Swafwani, babake Hasina. Wanawake walijibana chumbani, na katikati yao alikaa Bi. Jannat, mama wa kijana aliyeposa, mwanamke mnene mchangamfu ambaye hajui kusema kwa kunong'ona.

"Haya, mwanangu," alimwambia Hasina. "Mahari ni haki yako, si ya babako wala ya shangazi zako. Taja mwenyewe. Dhahabu, umra, chochote. Shamsu wangu ni muuguzi, riziki yake haibahatishi. Taja, usione haya."

Hasina alikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Dukani alinyooshea kidole alichokitaka, na simu ikilia alimkabidhi aliye karibu. Lakini jambo hili alikuwa amelibeba moyoni muda mrefu, na leo hakukuwa na wa kumsemea. Aliufinya upindo wa leso yake.

"Nataka bunduki," alisema.

Mmoja alicheka akidhani ni mzaha, akajikuta anacheka peke yake.

"Bunduki ya nini, mwanangu?" Bi. Jannat aliuliza, kipande cha halwa kimemganda mkononi. "Nani kakuudhi?"

"Ya Kijapani. Ya zamani, ya ile vita kuu. Iwe na ua la mfalme juu yake, ua zima, lisilokwanguliwa."

Mamake Hasina alijifunika uso kwa mtandio. Yeye alijua jambo hili lilianzia wapi.

Lilianzia kwenye mafuriko ya 2017. Mzee Swafwani hununua na kuuza samani kuukuu, na maji yalipoondoka Houston, kando ya barabara palipangwa makochi na makabati yaliyolowa. Mjane mmoja wa Kimarekani alimpa kabati, na nyuma ya kabati palikuwa na bunduki ndefu iliyojaa tope. "Ichukue nayo," yule bibi alimwambia. "Marehemu alirudi nayo kutoka vitani, na mimi nimechoka kuihamisha." Mzee aliileta nyumbani akikusudia kuiuza wiki hiyohiyo, akampa Hasina aifute tope. Haikuuzwa tena.

Hasina aliifuta polepole kwa kitambaa kikavu na tone la mafuta. Chini ya tope vikatokea vitu asivyovitarajia. Kitako kilikuwa kimeungwa kwa vipande viwili vya mbao, kiungo safi ambacho babake, aliyeishi na maseremala maisha yake yote, alikipapasa akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Chini ya mtutu palikuwa na waya mnene uliokunjwa, mguu wa kuisimamishia bunduki. Kwenye kilengeo kulikuwa na vijimkono viwili vya kulengea ndege angani. Na juu, penye chuma kinene, palikuwa na mikwaruzo mitupu, kama mtu aliyefuta jina kwa hasira.

Akatafuta kwenye simu, akaelewa. Pale palikuwa na ua la petali kumi na sita, alama ya mfalme wa Japani. Wajapani waliposhindwa vita waliyakwangua maua mengi kabla ya kuzikabidhi silaha, ili alama ya mfalme isiaibike mikononi mwa adui. Wakusanyaji wa silaha za kale hupenda zile ambazo ua limesalimika. Kufikia siku ya posa Hasina alikuwa ameongeza mbili, anazo tatu, ndani ya kabati lenye kufuli, na nyumbani hamkuwa na risasi hata moja. Zote tatu zilikuwa zimekwanguliwa.

Hayo Shamsudin hakuyajua. Walionana mara ya kwanza kwenye harusi ya jamaa kule Pearland, wakapendana kimyakimya, na Hasina kila alipotaka kumwambia kuhusu kabati lake ulimi ulimshinda. Hakutaka kuolewa na mtu atakayemlazimisha kuzificha, au kuziacha kwa babake kama nguo zilizomkaa vibaya. Akaona bora aliseme jambo hili kwa mahari. Shamsudin akikataa, basi, atalia akiwa bado kwao.

Bi. Jannat aliinuka akaufungua mlango wa sebuleni. "Swafwani, njoo umsikie mwanao."

"Nimemsikia. Kuta za nyumba hizi ni makaratasi."

"Na unasemaje?"

"Mimi nina la kusema? Mahari ni yake. Si wewe umesema sasa hivi, na sisi sote huku tukakusikia?"

Wanaume wakaangua kicheko.

"Nilimwambia ataje mahari," Bi. Jannat akasema, "sikumwambia anitajie kambi ya jeshi. Mimi nitawaambia nini watu? Kwamba mwanangu kaoa kwa mtutu?"

Ndipo sauti ya Shamsudin ikasikika kutoka kwenye pembe alikobanwa na wajomba zake. "Mama, nitaitafuta." Kisha akaongeza, "Lina petali ngapi hilo ua?"

Hasina, akiwa nyuma ya mlango, uso unamwaka, akajibu, "Kumi na sita."

Hivyo ndivyo walivyochumbiana mbele za watu.

Shamsudin bunduki alizijua kwa majeraha tu, yale yanayoletwa wodini kwake. Hata hivyo kila Jumamosi asipokuwa zamu aliendesha gari kwenda kwenye maonyesho ya wakusanyaji, Dallas leo, Fort Worth wiki nyingine, akapita kati ya meza ndefu mikono nyuma kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya udongo. Kisha humpigia Hasina.

"Nimeipata."

"Tuma picha." Alingoja. "Hiyo ni ya Kijerumani."

"Mwenyewe ananiambia ni ya Kijapani, wallahi."

"Muulize, kwa nini imechorwa tai?"

Wiki nyingine alituma picha yenye ua kubwa linalong'aa. Hasina aliikuza kwa vidole viwili. "Hilo limechongwa juzi. Hebu hesabu petali."

Akasikika akihesabu kwa sauti. "Kumi na nne."

"Umeona. Toka hapo kabla hajakuuzia na meza."

Shamsudin alicheka, na Hasina akashangaa kumsikia mtu akicheka kwa neno lake. Siku hizo simu ikilia alikuwa akiikimbilia mwenyewe, hata unga ukiwa mikononi. Alimweleza ya mguu wa waya na vijimkono vya ndege, naye Shamsudin alimuuliza maswali ya kweli, si ya kumridhisha. Hata alama za viwanda alianza kuzijua.

Mvua za masika ya 2019 zilikuwa zinaisha alipopiga simu kutoka Fort Worth, anahema. Mzee mmoja alikuwa anauza ya kaka yake. Picha ilipofika, Hasina aliketi palepale kwenye sakafu ya jikoni. Mbao zimechubuka, chuma kina kutu ya hapa na pale, na juu yake ua limechakaa kidogo, lakini zima, petali zake zote zipo.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Sikiliza. Usiisugue. Usiipake kitu chochote. Hata kutu iache."

"Hata kutu?"

"Kutu ni yake."

Shamsudin aliifunga kwa shuka, akaisukuma chini ya kitanda chake DeSoto, asiiguse tena. Ila kabla ya nikahi alikuwa zamu hospitali wiki nzima, na Bi. Jannat hafagii nyumba akasaza chini ya kitanda.

Siku ya nikahi msafara uliingia Stafford kwa honi. Bi. Jannat alikuja mbele na sinia kubwa kichwani, limefunikwa kitambaa cha kijani, limefukizwa udi mpaka watu wakapiga chafya. Aliliweka mbele ya bibi harusi, vigelegele vikapigwa, akakivuta kitambaa.

Bunduki ilimeremeta kama sufuria mpya. Mbao zimepakwa vanishi nyekundu, mtutuni unaweza kujitazamia wanja. Mikono ya Hasina, yenye hina mpaka kwenye kiwiko, ilikwenda moja kwa moja penye chuma kinene. Ua la mfalme halikuwepo. Mahali pake palikuwa laini, na pamechongwa kishada cha asumini, vizuri sana, na majani yake yametiwa rangi ya kijani.

"Unaona?" Bi. Jannat alisema kwa furaha. "Nilipoikuta na kutu ile nusura nizimie. Nije kwenu na kutu? Watu wangesema tumekuokotea chuma jalalani. Nikaipeleka kwa Siméon, jirani yangu Mrundi, ana gereji, anapaka magari rangi. Ulitaka ua, na lile lilikuwa limefifia, nusu halionekani. Nikamwambia, ondoa hilo kuukuu, mtilie mwanangu asumini. Mbao nimezisugua mwenyewe."

Mamake Hasina alimtazama bintiye, akashika kifua. Sebuleni, Shamsudin naye alikuwa ameyasikia yote kupitia zile kuta za makaratasi, na mjomba wake alisimulia baadaye kwamba bwana harusi alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Mama kaniua."

Na palepale mlango ukabishwa. Sheikh na mashahidi wawili walisimama upande wa pili.

"Binti Swafwani," sheikh akaita, "mahari uliyoitaja imekufikia? Umeridhika nayo?"

Haikuwa ile aliyoitaja. Wote waliojua walijua. Akisema hapana, hakuna wa kumlaumu, sheria iko upande wake, na msafara mzima utarudi DeSoto bila kuonja biriani. Machozi yalimjaa. Miezi yote ile ya kutafuta, kumbe ua limesalimika vita, bahari na miaka yote, lije kufia gereji.

Akainua macho amwambie Bi. Jannat alilolifanya. Akaiona mikono yake. Viganja vilikuwa vimechubuka, vidole viwili vimefungwa plasta, na kucha alizokusudia kuzitia hina kwa ajili ya leo zimekatika. Msasa ulikuwa umezila. Mwanamke huyu aliyeogopa bunduki hata ya maji alikuwa ameipakata hii siku nzima, akiisugua, ili Hasina asipate kuaibika mbele za watu.

Hasina alizikumbuka tatu zilizomo kabatini mwake. Maua yale nayo mtu aliyakwangua kwa ajili ya heshima ya mwingine, na yeye alikuwa akizipenda vilevile. Hii ya nne kwa nini asiipende? Tena ile asumini. Alijaribu kuwawazia wazee wa Fort Worth wameizunguka na miwani yao, wanaitafuta kwenye vitabu, na kicheko kikamtoka. Hakuweza kukizuia. Wanawake wakaanza kucheka naye bila kujua wanachekea nini.

"Bibi harusi?" sheikh akauliza. "Umeridhika?"

"Nimeridhika," Hasina alisema, kwa sauti iliyofika sebuleni, ikapita, ikawafikia wapishi uani. "Nimeipokea na ua lake."

Sebuleni mtu alipumua kwa kishindo. Kila mmoja alijua ni nani.

Baada ya nikahi, watu wakiwa kwenye biriani, Bi. Jannat alikuja akaketi ubavuni mwa mkwewe. "Nasikia kabatini unazo nyingine tatu."

"Ninazo, mama."

"Basi tukirudi tuzichukue, nimpe Siméon, zote zifanane."

"Hapana, mama." Wanawake wawili watatu waligeuka, hawakuwahi kumsikia hivyo. "Hizo haziguswi."

"Hata mbao tu?"

"Hata mbao."

Bi. Jannat alimtazama sana, kisha akatabasamu. "Kumbe unayo sauti. Na mimi nimekwenda kuwatangazia watu kwamba tumepata mkwe bubu. Haya, basi utanifundisha namna ya kuzitunza."

"Nitakufundisha," Hasina alisema, akamsogezea sahani. "Lakini kwanza, mama, ule msasa tuutupe."