Kiporo Kwenye Mizani ya Issuna

Mizani ya Damiani ilikuwa inapunja, na aliyegundua hilo ni mama yake mzazi.

Ofisi yetu ya Singida Mjini, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ilitengeneza mfumo wa kupimia alizeti. Programu ya ndani ya mizani aliiandika Damiani kwa lugha ya C. Ya simu, inayomwonyesha mkulima uzito wake, niliiandika mimi Amosi kwa Java. Febronia aliandika ya seva kwa Python, tena ndiye aliyetengeneza mtambo wa kuziunganisha: kila jioni kompyuta inachukua tulichoandika, inaunda sehemu zote tatu, inazifunga pamoja na kuzituma hadi kijijini, bila mtu kugusa kitu. Tuliringa sana.

Ukutani kulikuwa na taa. Ikiwa kijani, kazi imekamilika; ikiwa nyekundu, kuna sehemu imegoma kuundwa. Bosi wetu Moez aliichukia nyekundu kwa sababu alipenda kuleta wageni. "Febronia, fanya utaratibu. Inatuaibisha," alisema. Febronia akafanya: sehemu ikigoma, mtambo uchukue ile ya jana na kuendelea. Tukaiita kiporo. Kiporo hakiui mtu, tukasema, tukacheka. Watu wenye akili zao wakishalewa sifa huwa wajinga hivyo.

Basi mama yake Damiani, mama Alute, alipima gunia lake kwenye mizani yetu kituoni Issuna, kisha akalipima tena kwenye mashine ya kukamua mafuta. Kwetu lilikuwa limesoma pungufu. Damiani akachunguza, akakuta kwamba betri ikichoka, mizani inasoma kidogo. Akaandika upya sehemu yake. Jioni ile taa ikawaka kijani.

Tulikwenda naye Issuna. Alisimama mbele ya wakulima, akamwamkia mwenyekiti wao, Mzee Gerald.

"Wazee wangu, kosa lilikuwa langu, na nimelirekebisha. Mizani hii ikipunja tena, msiniite mtoto wa hapa."

Nilitamani angeishia kwenye kosa. Kiapo cha namna ile mbele ya watu waliokuona ukichunga mbuzi hakifutiki.

Wiki iliyofuata mizani ikapunja tena.

Damiani na Febronia walipekua mtambo mpaka wakapata jibu. Sehemu mpya ya Damiani ilikuwa haijaundwa hata mara moja. Kifaa cha kuunda sehemu ya C kwenye seva kilikuwa cha zamani kuliko cha kwenye kompyuta yake, kikagoma, na mtambo ukaendelea kutuma ile mbovu chini ya taa ya kijani. Febronia alilia. Moez akasema tuwaeleze wakulima kwamba ni mambo ya kiufundi.

"Kawaeleze wewe," Damiani alimjibu. Hakuwahi kumjibu hivyo.

Tuliondoa ule utaratibu, tukaweka kifaa kipya kwenye seva, sehemu ikaundwa, tukarudi Issuna. Damiani aliweka betri iliyochoka makusudi, akapima jiwe la kilo kumi. Ilisoma kumi. Hakuna aliyekuja kutazama. Wakulima walikuwa wamepanga foleni upande wa pili wa uwanja, kwenye mizani ya kuning'iniza ya mchuuzi, na Mzee Gerald alikuwa pale akisimamia.

Mama Alute akatokea akisukuma baiskeli yenye gunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Sasa iko sawa, mama. Haki ya Mungu."

"Najua. Nimekuzaa mimi, ukisema kweli nakujua." Akaitazama foleni. "Ila wewe leo hii unarudi mjini. Mimi hawa ndio watakaonizika."

Akaisukuma baiskeli hadi mwisho wa foleni. Wanawake wawili wakamsaidia kushusha gunia. Damiani aliangalia mpaka likatundikwa, kisha akainama akazima mizani yake.