Maji ya Meza Kuu

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga gizani, tik-tik-tik, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Jerusa Ayoo alichutama kando ya jiko akakiacha kigonge. Tangu wamzike Akello, hakuna tone lililoingia kinywani mwa mtu wa nyumba hii kabla kifuniko hicho hakijacheza vya kutosha. Hata Nelvine, binti aliyebaki, hakuweza kurudi usingizini bila kuuliza.

"Mama, yamechemka?"

"Yamechemka. Lala."

Mtoto akajifunika tena. Ilikuwa Jumamosi ya sherehe ya Mwenyekiti.

Maji ya mtaa mzima yalitoka kwenye chemchemi iliyo chini ya kichinjio cha baraza la mji. Serikali ilikuwa imetoa pesa za kuchimba shimo la uchafu. Shimo halikuchimbwa, nyumba ya Mwenyekiti wa baraza, Robert Kipkirui, kule juu penye chai yake, ikaota ghorofa. Damu na mavi ya ng'ombe vikafuata mteremko. Akello alikuwa ameanza darasa la kwanza tumbo lilipomshika. Baba yake, Kepher, alimbeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali ya Kaplong, na hapo barabarani, wakingoja, mtoto akaacha kulia. Kepher alidhani amelala.

Kisha wachunguzi wakaja kutoka wizarani, wakaketi katika ukumbi wa kanisa, wakataka watu waseme.

"Nyamaza," Kepher alimsihi mkewe. Alikuwa kibarua wa kiwanda cha chai, mtu wa kutoka kando ya ziwa, na moshi wa nyumba zilizochomwa wakati wa vita vya kikabila ulikuwa haujamtoka puani. "Sisi ni wageni hapa."

Lakini Jerusa alikuwa anasoma ngumbaru kila jioni, na mwalimu alikuwa amewaambia kwamba serikali ikiuliza, mwananchi ana haki ya kujibu. Alilishika neno hilo kama mtu anayeshika mkono wa mtoto sokoni. Akasimama, akaapa, akasema yote, hata rangi ya maji. Wachunguzi wakaandika. Kichinjio kikafungwa. Chemchemi ikaanza tena kunuka majani na udongo, basi, na Jerusa akatembea mjini kichwa juu.

Ndipo Mwenyekiti akaenda kortini.

Habari zililetwa na Jackton, karani wa baraza, wiki hiyo hiyo ya sherehe. Alikuja kwenye kibanda ambapo Jerusa aliuza chai na maandazi, akajichagulia andazi kubwa. Alikuwa mtu wa kwao, na alipenda kumkumbusha.

"Dada, ripoti imetenguliwa."

Jerusa alijua kutegua sufuria motoni. Hili hakulijua. "Imetenguliwa vipi?"

"Jaji ameitupa. Wale watu wa wizara hawakumpa Mheshimiwa nafasi ya kujitetea. Mtu hahukumiwi kabla hajasikizwa."

"Na shimo? Jaji amesema lilichimbwa?"

"Jaji hakuulizwa mambo ya shimo."

"Akello je?"

Jackton alitafuna kwanza. "Korti haiendi hivyo. Inaangalia njia waliyopita wachunguzi, haiangalii walichokuta. Sasa ripoti imeanguka, na amri ya kufunga kichinjio imeanguka nayo. Jumamosi tunachinja fahali. Wewe utahudumia meza kuu."

"Mimi?"

"Amesema wewe, kwa jina. Hiki kibanda kiko kwa ploti ya baraza, ama umesahau?"

Jerusa alifuta meza, akaifuta tena pale pale. "Nitahudumia," alisema. "Hata maji ya kunywa nitaleta mimi."

Jumamosi hiyo, kulipokucha, alipita chemchemini na Nelvine wakielekea sherehe. Fahali alikuwa ameshachinjwa. Maji yalikuwa na wekundu wa chai iliyomwagwa. Akangoja yatulie. Yalipong'aa juu, akayachota polepole kwa kikombe cha Akello, cha bati, mpaka jagi moja likajaa. Nelvine alimshikia jagi. Yale yaliyochemshwa nyumbani, ya watu wengine wote, yalikuwa kwenye debe kichwani.

Uwanja ulijaa. Mwenyekiti alisimama chini ya hema, akavuta shati lake jeupe kifuani watu walione.

"Walisema mimi ni mchafu! Korti imenisafisha! Mnaona doa hapa?"

"Hakuna!" watu wakajibu, macho kwenye nyama.

Alipoketi na kutafuna mbavu mbili tatu, akamwona.

"Mama Akello!" Aliita kwa sauti ya mkutano, kwa jina la marehemu, kama walivyomwita wote. "Si ni wewe uliambia wale watu maji yetu inaua?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Msomi wa ngumbaru!" Meza kuu ikacheka, Jackton alicheka zaidi. "Sasa korti imesema nini?"

"Imesema hukusikizwa."

"Basi leo nisikize wewe. Ukifungua mdomo tena, hiyo kibanda itang'olewa, na mzee wako atarudi ziwani kwa miguu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Vizuri. Lete maji, hii nyama iko na chumvi."

Jerusa alimimina kutoka kwenye lile jagi. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kama mwali, akampa.

"Ni ya wapi?" Mwenyekiti aliuliza, kwa mazoea tu.

"Ya chemchemi ya kichinjio, Mheshimiwa. Korti ikikusafisha wewe, si imeyasafisha na maji?"

Kicheko kilikatika. Watu wa mbele waliacha kutafuna. Wa nyuma wakawauliza kumetokea nini, wakanyamazishwa. Jackton alisogeza kikombe chake mbali, kwa kidole kimoja. Mwenyekiti alilitazama shati lake, akautazama uwanja, uliokuwa ukimtazama. Akatabasamu. Akainua kikombe mpaka kikagusa mdomo wa chini, kikakaa hapo.

Jerusa hakuinuka gotini. Alilitazama koo la Mwenyekiti.

Nelvine akamvuta mama yake leso.

"Mama, hayo maji hujayachemsha."