Shamba Lililobaki Kwenye Diski E

Jumatatu saa tatu na robo asubuhi, Nestory alipangusa vumbi kwenye kompyuta ya ramani, akaiwasha, akakuta diski iliyokuwa moja siku ya Ijumaa imekuwa mbili. Mwishoni mwa wiki kompyuta ilikuwa imewekewa mfumo mpya, na mifumo mipya ina desturi ya kujimegea vipande. Kipande hiki kilipewa herufi E, na kila baada ya dakika tano onyo lilijitokeza kwenye kioo: Diski E imejaa.

Alikifungua aone kimejaa nini. Ndani mlikuwa na shamba la viazi vitamu, robo ekari, lililozungushiwa minyaa pande zote. Kwenye kona ya mashariki palikuwa na kaburi lenye msalaba wa saruji. Bibi Rebeka, mjane wa Kiseke, alikuwa ameinama akipalilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imekubali mwaka huu."

Nestory alimfahamu. Miaka miwili nyuma, wapimaji ardhi wa kampuni hii ndogo ya Mkolani anamofanya kazi walikwenda Kiseke. Kwa watu wa Bibi Rebeka mnyaa ni mpaka: aliyeupanda amekwisha sema, na anayeukuta amekwisha elewa. Wapimaji, wageni wa mambo hayo, walidhani minyaa ile ni zizi la mbuzi wa jirani, wakaliingiza shamba zima katika kiwanja chake. Aliyechapa jina la jirani kwenye ramani ni Nestory. Bibi alifika ofisini mara kumi na moja, akajibiwa kila mara kwamba ramani ikishapigwa muhuri haiguswi. Juu ya kaburi la mumewe sasa palikuwa na banda la gari.

Bwana Masele, mkuu wa ofisi, alipita na kikombe cha chai, akatazama kioo.

"Hiyo E ifute, nafasi irudi kwenye C. Hapa ni ofisi, si soko la viazi."

"Nikiifuta, bosi, na vilivyomo vinakwenda."

"Sasa kufuta ni nini, Nestory? Na huyo bibi mwambie asitujazie udongo kwenye kibodi."

Masele akaenda kutafuta chapati. Nestory aliupeleka mshale hadi kwenye neno "Futa", akauacha hapo. Kisha akauliza, "Bibi, humu unaingiaga kwa njia gani?"

"Si hapo kwenye pengo la minyaa, alipopitaga marehemu! Nipite wapi tena?"

"Hupiti kwenye herufi E?"

"Herufi? Baba, mimi na shule wapi na wapi."

Nestory aliuondoa mshale kwenye "Futa". Aliiondoa herufi peke yake, kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, kama alivyofundishwa chuoni. Kipande kilichoondolewa herufi hakijafutika. Hakionekani tu, wala hakitoi onyo.

"Bibi, hatutaonana tena, lakini shamba lipo."

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie. Na kaburi umeniachia!" Alimshukuru kwa kupiga magoti kwenye tuta, na Nestory, aliyekuwa amelichapa jina lile, akainamisha kichwa. Kioo kikabaki na C peke yake.

"Safi," alisema Masele aliporudi. "Imekwenda?"

"Haionekani tena, bosi."

Tangu siku hiyo kompyuta hutoa mlio mdogo nyakati za asubuhi, kama jembe likigusa jiwe. Kila Alhamisi Nestory hukuta juu ya kibodi fungu la michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Huvila taratibu, kwa shukrani, kisha hukung'uta udongo kwenye herufi za kibodi.

Alhamisi iliyopita yule jirani wa Kiseke alikuja kuomba nakala ya ramani yake. Nestory alimaliza kutafuna, akanawa mikono, akaichapa. Mistari ilikuwa imenyooka, jina limeandikwa bila kosa. Akaigonga muhuri.